Joseph Thomson na Makaa ya Mawe ya Sultani Barghash

Apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe, iwe anatoka Misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu au anashuka kuelekea Forodhani, hutembea kati ya kuta ambazo zamani zilikuwa bahari. Mahali plasta ilipobanduka huonekana jiwe jeupe lenye vitundu vingi, na ndani yake mara nyingine alama ya kombe au tawi la tumbawe. Chokaa iliyoshikanisha mawe hayo nayo imetokana na mawe ya namna hiyo hiyo, yaliyochomwa katika tanuri hata yakawa unga. Wengi wetu tumezaliwa na kubatizwa kati ya kuta hizo pasipo kuuliza zilitoka wapi. Mwezi Januari 1879 alifika Unguja kijana Mskoti wa miaka 20 ambaye kuuliza jambo hilo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Jina lake Joseph Thomson.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Uskoti. Baba yake alikuwa mwashi, na baadaye akawa na machimbo ya mawe mekundu ya mchanga. Mtoto akakulia machimboni, akiokota mawe yenye alama za viumbe wa kale, hata akajua tabaka za mwamba kama mtoto wa mvuvi wa Nungwi ajuavyo pepo. Katika Chuo Kikuu cha Edinburgh alifundishwa na Archibald Geikie, bingwa wa elimu ya miamba. Masomo yalipokwisha, Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimteua awe mtaalamu wa miamba katika msafara wa kwenda maziwa makuu, chini ya uongozi wa Keith Johnston.

Kisiwa alichokikuta kinastahili kuelezwa, kwa maana hata wenyeji husahau jinsi kilivyo. Unguja ina nchi mbili ndani yake. Upande wa magharibi kuna udongo wenye kina, kinongo chekundu kinachobeba mikarafuu na minazi, na mabondeni kinamo kinachonata miguuni, kinachohifadhi maji ya mpunga. Upande wa mashariki na kusini, kuelekea Makunduchi na Jambiani, udongo ni haba. Ni nchi ya uwanda na maweni, ambako mwamba wa matumbawe umejitokeza juu na mkulima hupanda katika vishimo vilivyojaa udongo kidogo. Mwamba huo ulijengwa baharini na viumbe wadogo wa matumbawe, kisha bahari ikashuka ukabaki nchi kavu. Maji ya mvua huuyeyusha polepole, na ndiyo sababu ya mapango kama lile la Kuumbi na ya maji matamu yanayojificha chini ya mawe. Madini ya chuma, shaba au makaa ya mawe hayakutokana na jiwe la namna hii. Neno hili tulikumbuke, maana Sultani aliyataka makaa ya mawe, na alilazimika kuyatafuta ng'ambo ya bahari.

Msafara uliondoka Dar es Salaam mwezi Mei 1879. Kiongozi wa wapagazi alikuwa James Chuma, Myao aliyeokolewa utumwani akiwa kijana mwaka 1861. Huyu, pamoja na Susi na wenzao, ndiye aliyeubeba mwili wa David Livingstone kutoka bara hadi Bagamoyo, ambako mwaka 1874 uliwekwa katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu kabla ya kuvushwa kuja Zanzibar. Vitabu vingi humtaja Chuma kama mtumishi. Kwa maoni yetu, bila yeye safari za Thomson zisingalifika mbali.

Tarehe 28 Juni Johnston alifariki kwa kuhara damu huko Behobeho, katika nchi ambayo leo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Thomson, sasa mwenye miaka 21, hakuwahi kuongoza hata watu kumi. Aliweza kurudi pwani, wala hakuna ambaye angemlaumu. Akaendelea. Alifika Ziwa Nyasa, akafika Tanganyika, akauona mto Lukuga ukitoka ziwani kuelekea magharibi, jambo lililokuwa likibishaniwa, na mwaka 1880 akarejea Bagamoyo. Hakupigana vita njiani, na karibu watu wake wote walirudi wazima. Katika karne ile hilo lilikuwa tukio adimu.

Sifa zake zikamfikia Sultani Barghash bin Said. Mtawala huyo alikuwa katika dhiki. Tufani ya mwaka 1872 ilikuwa imeing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1873, chini ya shinikizo la Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, biashara ya aibu iliyokuwa ikiijaza hazina ya nchi. Tena alikuwa amenunua meli za moshi, na meli hizo zilikula makaa ya mawe yaliyoletwa kutoka ng'ambo kwa gharama kubwa. Wakati huo habari zilikuwa zikisikika kwamba yako makaa katika bonde la mto Ruvuma. Livingstone naye alikuwa ameyataja. Barghash akaona mlango umefunguka. Mwaka 1881 akamwajiri Thomson akayathibitishe.

Thomson na Chuma walishuka Mikindani, wakaingia bara, wakafuata Ruvuma hadi Lugenda, kijito chake kilicho upande ambao leo ni Msumbiji. Huko wakaonyeshwa jiwe jeusi lililosifiwa. Hapa elimu ya machimboni ikaingia kazini. Makaa ya mawe ni misitu ya kale iliyoanguka katika vinamasi, ikafunikwa na matope na kugandamizwa kwa mamilioni ya miaka hata ikawa karibu kaboni tupu; ukiyachoma huwaka kwa nguvu na kuacha majivu kidogo. Lakini matope yenyewe, yakichanganyika na mabaki machache ya mimea, nayo huwa meusi, hugeuka jiwe lenye tabaka nyembamba na mafuta kama ya lami. Hili nalo hushika moto, na asiyejua huweza kudanganyika. Moto ukizimika, jiwe hubaki karibu kama lilivyokuwa. Meli haiendeshwi na jiwe la namna hiyo.

Jiwe la Lugenda lilikuwa la aina hiyo ya pili.

Tufikiri kidogo hali yake wakati wa kurudi. Alikuwa na miaka 23, ameajiriwa kwa mshahara mzuri, na bwana wake alikuwa na shauku ya kusikia neno moja tu. Jiwe lilikuwa jeusi, lilishika moto, na Zanzibar nzima hapakuwa na mtu wa kumpinga kama angaliliita makaa. Angeweza pia kusema maneno ya katikati, kwamba huenda chini zaidi yapo, ili mkataba uendelee na machimbo yaanze. Fedha zingezama ardhini na wenyeji wa bondeni wangeshurutishwa kuchimba. Thomson alimwambia Sultani kwamba makaa hayapo pale.

Barghash hakufurahi. Thomson alikaa mjini bila kazi ya maana, na mwaka 1882 akarudi kwao. Mwaka huo huo Chuma alifariki hapa Zanzibar. Mwaka 1883 Beit al-Ajaib likasimama ufukweni kwa chokaa na mawe ya matumbawe, na meli za Sultani zikaendelea kuchoma makaa ya kununua.

Maisha ya Thomson yaliyosalia yalikuwa mafupi. Mwaka 1883 alitoka Mombasa, akavuka nchi ya Wamasai akipita kandokando ya Kilimanjaro na katika Bonde la Ufa, akayaona mapango ya mlima Elgon, akafika Ziwa Viktoria, na mwishoni mwa mwaka nyati akamjeruhi vibaya. Swala tomi wa mbuga zetu amebaki na jina lake. Baadaye alitumwa Sokoto, kisha akazuru Moroko. Safari yake ya mwisho, ya mwaka 1890, haina usafi wa ile ya Ruvuma: alitumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kuelekea Katanga ili kupata mikataba na watawala wa nchi yenye shaba. Ndui ilizuka, njia ikafungwa, akarudi bila kumfikia Msiri, mtawala wa Katanga. Afya yake haikurejea tena. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akiwa na miaka 37.

Ruvuma kwa kweli ilikuwa na makaa, ila si pale alipopelekwa. Tabaka zake ziko mbali upande wa magharibi, karibu na Ziwa Nyasa, katika bonde la Ngaka wilayani Mbinga, na uchimbaji mkubwa ulianza miaka 130 hivi baada ya safari yake. Malori huyateremsha makaa hayo hadi bandari ya Mtwara, na huko hupakiwa melini, mwendo mfupi tu kutoka Mikindani aliposhuka Thomson pamoja na Chuma.