Raymond Sabouraud, munganga aliyechunguza mapunye ya watoto

Ku Nyalukemba, hapa komine ya Ibanda, mapunye si jambo la kushangaza: nywele za mtoto zinakatika, ngozi inatoa maganda meupe, na wenzake wanamucheka ku masomo. Mengi ambayo waganga wanajua leo juu ya ugonjwa huu yalitoka kwa Mfaransa mmoja, Raymond Sabouraud, aliyezaliwa Nantes mwaka 1864.

Wakati wake, watoto wenye teigne walikatazwa masomo ya kawaida. Ku hôpital Saint-Louis ya Paris walifunguliwa masomo yao ndani ya hospitali. Nywele ziling'olewa kwa kibano, mtoto analia, na kupona kuliweza kuchukua mwaka na zaidi. David Gruby alikuwa ameona kuvu hiyo ku mikroskopu tangu miaka ya 1840, lakini waganga wakubwa hawakumusikiliza.

Sabouraud alijifunza kazi ya vijidudu ku Institut Pasteur, kisha akarudi ku vichwa. Alichukua nywele zilizovunjika, akazilowesha na potasi, akaziangalia ku mikroskopu. Zingine alizipanda katika chakula cha sukari na peptoni alichotengeneza mwenyewe. Akaona si kuvu moja, ni nyingi: zingine mtoto anazipata kwa mwenzake, zingine kwa paka, imbwa ao ng'ombe. Ukijua ilikotoka, unajua nani mwingine wa kuchunguza ku nyumba. Kitabu chake kinene, Les Teignes, kilitoka 1910.

Juu ya matunzo yake sasa, hapo kuna maneno. Mwaka 1904, yeye na musaidizi wake Noiré walionyesha namna ya kupima mionzi ya X na kuipiga ku kichwa. Kisha majuma machache nywele zinaanguka zenyewe, na mtoto anapona kwa miezi tu. Inchi nyingi zikafuata. Lakini miaka mingi nyuma, Israeli na kwingine, watoto waliopigwa mionzi hiyo walikuwa wakubwa, na wengine wakapata kansa ya tezi ya shingo na uvimbe wa ubongo. Kumuita Sabouraud mubaya si haki. Alitaka mtoto arudie masomo. Ila ukimusifu, usiruke sehemu hiyo.

Alikuwa pia muchonga sanamu. Alikufa Paris mwaka 1938. Griseofulvine iligunduliwa mwaka uliofuata, na tangu 1958 ikaanza kuponyesha watu: vidonge vya kumeza kila siku na chakula chenye mafuta, majuma sita mpaka nane ao zaidi, kwani pomadi peke yake haifiki ku mizizi ya nywele. Na ku laboratwari, nywele za mutoto zingali zinapandwa katika chakula kinachoitwa Sabouraud.