Rashidi Mfaume Kawawa: Mwigizaji Aliyetangulia Mwanasiasa

Wasomi wa fasihi ya Kiswahili humtaja Rashidi Mfaume Kawawa kama mwanasiasa, Simba wa Vita wa Tanzania. Ni wachache wakumbukao kwamba sura yake ilijulikana kwenye pazia la sinema kabla haijajulikana jukwaani.

Kawawa alizaliwa mwaka wa 1926 katika kijiji cha Matepwende, Songea, akasomea Tabora, kisha akaajiriwa katika serikali ya kikoloni. Mapema katika miaka ya 1950 serikali hiyo ilishirikiana na kampuni moja ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili. Ndipo karani huyu, aliyekuwa katika idara ya ustawi wa jamii, akawa mwigizaji mkuu. Miongoni mwa filamu hizo ni Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Ile ya kwanza yasimulia mtu wa shamba aingiaye Dar es Salaam na kuponzwa na wajanja wa mjini.

Lengo la mkoloni halikufichika: Mwafrika afunzwe kuuogopa mji na kuridhika na kwao. Hata hivyo, mtazamaji aliyekaa chini usiku mbele ya gari la sinema huenda hakuona funzo hilo. Alimwona Mwafrika mwenzake, akizungumza lugha yake, akiwa kiini cha hadithi. Kwa watu waliozoea kuwaona Waafrika wa filamu za kigeni wakibeba mizigo ya wawindaji, hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka wa 1953 alitumwa Urambo kuwahudumia Wakikuyu waliozuiliwa huko kwa sababu ya Mau Mau. Wakati huohuo alikuwa akiongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Kwa kuwa watumishi hao walikatazwa kujiunga na TANU, alikabiliwa na uchaguzi mgumu: mshahara au siasa. Aliacha kazi, akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, lililoundwa mwaka wa 1955. Uigizaji ukaishia hapo. Januari 1962, Nyerere alipojiuzulu, Kawawa akawa Waziri Mkuu.

Kwa wapenzi wa Kiswahili, tendo lake kuu lilikuja Januari 1967. Akiwa Makamu wa Pili wa Rais, alitangaza kwamba shughuli zote za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huohuo sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa ikapitishwa. Haielekei kuwa sadfa tupu kwamba agizo hilo lilitolewa na mtu aliyewahi kuona lugha hii ikiwashika watazamaji wa makabila mbalimbali bila mkalimani.

Lakini sinema ilimrudia kwa namna ya ajabu. Alipokuwa Waziri Mkuu tena, kati ya 1972 na 1977, Kampuni ya Filamu Tanzania ilitengeneza Fimbo ya Mnyonge, kisa cha mwanakijiji aendaye Dar es Salaam, asifaidi kitu, hatimaye akapata matumaini katika kijiji cha Ujamaa. Dola ilikuwa imebadilika, mwenye kamera pia. Ila mtu wa shamba alikuwa bado anaambiwa arudi kwao. Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009, na tanzia nyingi zilizungumzia vyeo vyake kuliko filamu zake.