Mkono Uliojifunza Kutoa: Maisha ya George Müller

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zaburi 68:5, 6, Zaburi 81:10, Mithali 3:27, 28, Nehemia 4:6, Waefeso 4:28, Wafilipi 2:4, Yakobo 2:1–9, 14–17.

Fungu la Kukariri: Yakobo 1:27. Lisome katika Biblia yako kila siku ya juma hili.

Nyumba nyingi za waumini huamka na hesabu. Ada ya mtoto haijatimia, kodi ya nyumba imekaribia, unga uliobaki ni wa siku mbili. Katika hali hiyo ni rahisi kuzisoma ahadi za Mungu kama mambo ya watu wa zamani. Ni rahisi zaidi kumwona yatima wa jirani kuwa mzigo wa mtu mwingine.

Juma hili tunajifunza maisha ya mtu aliyeishi na hesabu za namna hiyo kwa zaidi ya miaka 60. George Müller alizaliwa mwaka 1805 huko Prussia, katika Ujerumani ya leo, akafa mwaka 1898 huko Bristol, mji wa bandari magharibi mwa Uingereza. Watoto yatima zaidi ya 10,000 walilelewa katika nyumba alizozianzisha. Hakuwa tajiri, wala hakuzunguka kwa watu kuwaomba fedha. Wengi humkumbuka kwa jinsi alivyoomba na kupokea. Somo hili linatazama pia jinsi maombi hayo yalivyobadili mwenendo wake kwa watu waliomzunguka.

JUMAPILI
Mkono Ulioiba

Soma Waefeso 4:28. Paulo anamtaka mwizi aliyeongoka afanye nini, zaidi ya kuacha kuiba?

Baba yake Müller alikuwa mtoza kodi wa serikali, na fedha za serikali zilikaa nyumbani. Kabla hajafikisha miaka 10, mtoto huyu alikuwa amezoea kuziiba. Siku moja baba alihesabu fedha fulani, akaziacha chumbani alimokuwa mwanawe. Aliporudi zilikuwa zimepungua. Mtoto alipopekuliwa, fedha ilikutwa imefichwa chini ya unyayo wake. Aliadhibiwa, lakini alichojifunza ni kuiba kwa ujanja zaidi.

Alipokuwa na miaka 14, mama yake alifariki. Usiku ule mama alipokuwa akikata roho, kijana alikuwa akicheza karata, asijue. Akiwa na miaka 16 alifungwa gerezani kwa sababu alikaa katika nyumba za wageni na kushindwa kulipa. Baadaye, akiwa mwanafunzi, alivunja kufuli la sanduku lake mwenyewe na kujifanya ameibiwa. Rafiki zake wakamhurumia, wakamchangia.

Huyu ndiye kijana aliyepelekwa chuo kikuu cha Halle kusomea uchungaji, kwa kuwa baba yake alitaka apate kazi yenye maisha mazuri. Mnamo Novemba 1825, rafiki yake mmoja alimpeleka jioni kwenye nyumba ambamo watu wachache walikutana kuimba, kusoma Neno na kuomba. Müller alimwona mtu akipiga magoti kumwomba Mungu. Katika miaka yake 20 hakuwa ameona jambo hilo. Alirudi chumbani akiwa na furaha asiyoweza kuieleza, na maisha mapya yakaanza.

Paulo hasemi kwamba mwizi akiacha kuiba basi yametosha. Mkono ule ule unapaswa kufanya kazi ili uwe na kitu cha kumpa mhitaji. Katika maisha ya Müller, neno hilo lilichukua miaka mingi kukamilika.

Tafakari: Ni tabia gani ya zamani ambayo umeiacha, lakini nafasi yake bado haijajazwa na tendo jema?

JUMATATU
Viti vya Kulipia

Soma Yakobo 2:1–9. Ubaguzi unaoelezwa hapa unaonekanaje katika makusanyiko ya leo?

Müller alifika Uingereza mwaka 1829, na baada ya muda akawa mchungaji wa kanisa dogo huko Teignmouth. Kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, mshahara wa mchungaji ulitokana na viti vya kanisani vilivyokodishwa. Mwenye fedha alikaa mahali pazuri; maskini alikaa palipobaki. Müller alisoma waraka wa Yakobo, akaona kwamba chakula chake mwenyewe kilitoka katika jambo ambalo mtume analikemea. Mwezi Oktoba 1830 aliacha mshahara huo. Sanduku liliwekwa kanisani ili anayetaka kutoa atoe, awe tajiri au maskini.

Mwezi huo huo alimwoa Mary Groves. Ni vema kukumbuka kwamba uamuzi huu uliugusa mfuko wa mke pia, na Mary aliukubali. Mwaka 1832 walihamia Bristol. Mwaka 1835 mtoto wao wa kiume, Elijah, alifariki akiwa na mwaka mmoja na miezi michache. Alibaki binti mmoja, Lydia.

Miezi michache baada ya msiba huo, mambo mawili yalikaa moyoni mwa Müller. La kwanza, alisoma habari za August Hermann Francke, aliyeanzisha nyumba kubwa za yatima huko Halle. La pili, aliwatembelea waumini waliofanya kazi saa 14 hadi 16 kwa siku. Miili yao ilichoka na roho zao zilinyauka, lakini waliogopa kwamba wakipunguza kazi watoto watalala njaa. Müller alitamani waumini hao waone kwa macho yao kwamba Mungu bado ni mwaminifu. Desemba 1835, Zaburi 81:10 ilimpa ujasiri wa kumwomba Mungu nyumba, fedha na wafanyakazi kwa ajili ya yatima.

Vyote vilianza kupatikana. Lakini siku iliyowekwa ya kuandikisha watoto, hakuja hata mtu mmoja. Ndipo Müller alipotambua kwamba alikuwa ameomba kila kitu isipokuwa watoto wenyewe. Aliomba jioni ile, na kesho yake ombi la kwanza likaletwa. Nyumba ilifunguliwa Aprili 1836 katika mtaa wa Wilson, kwa wasichana wa miaka 7 hadi 12.

Tafakari: Je, yawezekana kuombea majengo, bajeti na kamati, huku wahitaji wenyewe wakisahauliwa katika maombi?

JUMANNE
Fedha Iliyolala Nyumba ya Jirani

Soma Mithali 3:27, 28 na Yakobo 2:14–17. Kuchelewa kutoa kunamgharimu nani?

Müller alijiwekea kanuni mbili ngumu. Hakutangaza mahitaji ya nyumba hizo kwa watu wa nje, na hakuingia katika deni. Kama hapakuwa na fedha ya kununulia mkate, mkate haukununuliwa kwa mkopo. Kuanzia mwaka 1838, kwa miaka kadhaa, kanuni hizo zilipimwa sana. Siku nyingi zilianza pasipo fedha ya kutosha milo ya siku hiyo.

Septemba 1838 hali ilifikia ukingoni. Wafanyakazi waliokuwa na akiba kidogo walikwisha kuitoa. Ilibaki kuuza vile vitu ambavyo nyumba ingeweza kuishi bila kuwa navyo. Tarehe 18 ya mwezi huo, mwanamke mmoja alikuja na fedha aliyoileta kutoka London kwa ajili ya watoto: pauni 3, shilingi 2 na peni 6. Ilikuwa imefika Bristol siku kadhaa nyuma. Mama huyo alikuwa amepanga mahali jirani kabisa na nyumba za yatima, na muda wote ambao watumishi walikuwa wakiomba, jibu lilikuwa limelala upande wa pili wa ukuta.

Müller alimshukuru Mungu kwa furaha kuu. Kwake, huo ulikuwa uthibitisho kwamba Mungu alikusudia kuwasaidia tangu mwanzo, ingawa aliwaacha waendelee kuomba. Kwa mtu anayesubiri, hii ni faraja kubwa: ukimya wa Mungu si ishara kwamba hajatuma kitu.

Lakini kisa hiki kina upande wa pili. Yatima walisubiri kwa sababu msaada wao ulikuwa mikononi mwa mtu ambaye hakuona haja ya kuharakisha. Pengine hakujua kilichokuwa kikiendelea nyumba ya pili. Müller hakumlaumu. Hata hivyo Mithali inamwagiza mwenye uwezo asimwambie jirani aende na kurudi kesho. Mara nyingi jibu la maombi ya mtu liko katika mfuko, ghala au simu ya mshiriki anayekaa naye kiti kimoja kila Sabato.

Tafakari: Kuna msaada gani ambao umekusudia kuutoa lakini bado umelala kwako?

JUMATANO
Barua ya Malalamiko

Soma Wafilipi 2:4. Je, kazi njema inaweza kumsahaulisha mtu haki ya jirani yake?

Kufikia mwaka 1845, nyumba za yatima katika mtaa wa Wilson zilikuwa nne. Watoto walicheza nje kwa zamu, na sauti zao zilijaa mtaa mzima. Mwezi Oktoba mwaka huo, jirani mmoja alimwandikia Müller barua ya upole akieleza usumbufu wanaoupata wakazi.

Mtu anayefanya kazi ya Mungu angeweza kuiona barua hiyo kuwa upinzani wa adui. Angeweza kujibu kwamba hawa ni yatima, na kwamba anayewalalamikia hana huruma. Müller hakujibu hivyo. Aliipima barua kwa maombi, akaorodhesha sababu za kubaki na sababu za kuhama, na akakubali kwamba majirani walikuwa na haki. Watoto nao walihitaji uwanja mpana, bustani na hewa safi.

Kutoka katika barua hiyo ulitokea ujenzi wa Ashley Down, kilima kilichokuwa nje ya mji. Nyumba ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1849 kwa watoto 300. Kufikia mwaka 1870 kulikuwa na nyumba tano zenye nafasi ya watoto 2,050. Kama Müller angemdharau mlalamikaji, pengine kazi ingebaki katika ule mtaa mwembamba.

Tafakari: Sauti za vipaza sauti, magari yaliyoegeshwa vibaya, ahadi zisizotimizwa: majirani wa kanisa lako wangeandika nini kama wangeombwa kuandika barua?

ALHAMISI
Upepo wa Kusini

Soma Nehemia 4:6. Ni nini kilichowawezesha watu kujenga ukuta licha ya vitisho?

Mwishoni mwa Novemba 1857, majira ya baridi yakianza, boila la nyumba ya kwanza ya Ashley Down lilianza kuvuja. Ndilo lililochemsha maji yaliyopita katika mabomba na kuvipasha joto vyumba vya watoto 300. Lilikuwa limezungushiwa tofali, hivyo kulitengeneza kulitaka moto uzimwe na tofali zivunjwe. Watoto wadogo wangekaa kwenye baridi kwa siku ambazo hakuna aliyejua idadi yake.

Siku ya kazi ilipopangwa, upepo mkali wa kaskazini ukaanza kuvuma. Müller hakuahirisha matengenezo. Aliomba mambo mawili: upepo ugeuke uwe wa kusini, wenye joto, na mafundi wawe na moyo wa kufanya kazi kama watu wa Nehemia. Usiku wa kuamkia siku ile, upepo wa kaskazini ulikuwa bado unavuma. Asubuhi ulivuma wa kusini, na hali ya hewa ikawa ya uvuguvugu kiasi kwamba moto haukuhitajika.

Jioni, msimamizi wa mafundi alieleza kwamba watu wake watafanya kazi hadi usiku na kurudi mapema kesho. Mafundi wenyewe wakasema wangependa kufanya kazi usiku kucha. Kwa muda wa saa 30 hivi kazi ilikuwa imekamilika, na moto ukawashwa tena.

Wasimulizi wengi huishia kwenye upepo. Lakini nusu ya ombi ilihusu mioyo ya mafundi. Mungu aliyeugeuza upepo alitumia pia mikono ya watu waliokubali kukesha kwa ajili ya watoto wasio wao.

Tafakari: Unapoombea tatizo fulani, je, huwaombea pia watu watakaotumiwa kulitatua?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Rudia kusoma Zaburi 68:5, 6 na Yakobo 1:27.

Mary alifariki mwaka 1870, baada ya karibu miaka 40 ya kutumika pamoja na mumewe. Mwaka 1871 Müller alimwoa Susannah Sanger, na kuanzia mwaka 1875, akiwa na karibu miaka 70, alisafiri naye kuhubiri katika nchi nyingi. Jioni ya tarehe 9 Machi 1898 aliongoza mkutano wa maombi kama kawaida. Asubuhi ya tarehe 10 alikutwa amefariki chumbani mwake, akiwa na miaka 92. Maelfu ya watu walijitokeza katika mitaa ya Bristol kumsindikiza, na kati yao walikuwamo waliolelewa katika nyumba zake.

Katika maisha yake, kiasi cha pauni milioni moja na nusu kilipita mikononi mwake, na kila zawadi iliandikwa. Mali yake mwenyewe alipofariki ilikuwa ya thamani ya pauni 160 hivi. Mtoto aliyeficha fedha ya serikali chini ya unyayo alikuwa amegeuzwa kuwa wakili mwaminifu. Waefeso 4:28 ilikuwa imetimia.

Maswali ya Kujadili:

1. Müller hakuwaambia watu mahitaji yake. Je, mshiriki anayelieleza kanisa kwamba hana chakula amepungukiwa imani? Linganisheni na Matendo 6:1–6, ambapo manung'uniko kuhusu wajane yalisikilizwa.

2. Ni kwa njia gani kikundi chenu kinaweza kujua hitaji la mshiriki bila kumwaibisha?

3. Chagueni mtoto mmoja au familia moja katika eneo lenu inayohitaji msaada. Nani atawatembelea, lini, na kwa kitu gani? Amueni kabla ya kuagana, kisha mtoe taarifa Sabato ijayo.