Hasola wa Treni Ndiye Analinda Keja Yako

Ukipita steji ya Voi unawaona wasee wakikimbizana na abiria kuuza maji na njugu, sindio? Basi Thomas Edison naye alianzia hapo hapo. Alizaliwa Ohio, Marekani, 1847. Shule alikaa miezi michache tu, mamake akamfunza nyumbani. Bado kijana mdogo, akawa anauza magazeti na peremende kwa treni, masikio nayo yakianza kugoma.

1879 akatoa balbu iliyodumu. Lakini cheki, waya ukibebeshwa stima kushinda uwezo wake unachemka, plastiki inayeyuka, keja inashika moto. Kwa hivyo 1880 akapata hataza ya kipande cha waya dhaifu kinachoyeyuka kwanza na kukata stima kabla waya mkubwa haujaungua. Hiyo ndiyo fyuzi, maze. Septemba 4, 1882, akawasha sehemu ya Manhattan, New York, nyaya zikiwa zimezikwa chini ya barabara.

Moto wenyewe haukumhurumia. 1914 ulimlia majengo kibao ya kiwanda akiwa na miaka 67. Akajenga upya. Aliaga 1931, na hataza 1,093 za Marekani.

Sasa wewe wa Voi, Mwatate ama Wundanyi, fyuzi ikikatika usichomeke msumari. Imejitoa mhanga ndio uamke kesho. Zima meni, chomoa koili na pasi, weka fyuzi ya saizi yake. Ikikatika tena, ita fundi.