Masinde Muliro: alifia njiani akirudi kutafuta mchango

Mwaka jana nilikwenda arusi Bungoma. Tulipopita Webuye na Matulo, kisha tukaelekea Kitale, jina moja halikubanduka midomoni mwa wenyeji: Masinde Muliro. Vijana wetu wa Pwani wengi hawamjui, nami nimeona si haki, kwani mzee huyu ana sehemu katika historia yetu.

Alizaliwa mwaka 1922 huko Kimilili. Wazazi walimfia akiwa mdogo, akalelewa na kakake. Alisoma mpaka akafika Chuo Kikuu cha Cape Town, akarudi mwaka 1954 akawa mwalimu. Mwaka 1957 wapiga kura wa Nyanza Kaskazini wakampeleka katika Baraza la Kutunga Sheria.

Mwaka 1960 KADU ilipoundwa, rais wake alikuwa Ronald Ngala wetu wa Pwani, na Muliro akawa makamu wake. Wazee wetu waliopigania majimbo walikuwa bega kwa bega na mtu huyu wa mlima Elgon.

Baadaye alikuwa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii. Hizo zilikuwa siku za harambee. Serikali haikuwa na fedha za kutosha, hivyo wananchi walichanga wenyewe: huyu shilingi, yule kuku, mwingine gunia la mahindi. Shule na zahanati zikasimama. Vyuo vya ufundi navyo vikaanzishwa hivyo hivyo, wetu ukiwa ule wa Voi na wa Magharibi ukiwa WECO pale Kakamega.

Mwaka 1975 alipiga kura bungeni kuunga mkono ripoti ya mauaji ya J.M. Kariuki, akafutwa uwaziri. Alijua bei yake, akailipa.

Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa sita walioanzisha FORD, pamoja na Oginga Odinga, Martin Shikuku na Ahmed Bahmahriz wa hapa kwetu Pwani. Chama kilihitaji fedha. Mzee wa miaka 70 akafunga safari hadi London kutafuta michango. Tarehe 14 Agosti 1992 alirejea, akaanguka na kufariki papo hapo katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Kifo hicho kiliacha maswali mengi. Alizikwa Trans Nzoia.

Mwaka 2007 WECO ile ya michango ikawa chuo kikuu kamili chenye jina lake.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kukaa kwenye kamati ya mchango mtaani kwetu, wa matibabu ya mgonjwa. Watu walitoa, lakini daftari halikusomwa hadharani hata siku moja. Nami nilinyamaza. Tulipoitisha mchango wa pili, wa karo ya mwanafunzi, waliokuja walikuwa wachache, na sikuweza kuwalaumu waliobaki majumbani.

Ndugu zangu, haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikitoboka hakijai. Pwani ina wagonjwa, ina wanafunzi, ina sanaa zinazokufa kwa kukosa mtu wa kuzisimamia. Watoaji tunao. Tunachokosa ni watu wa kuomba kwa ajili ya wengine, kisha wakasimama mbele ya jamaa na kusoma hesabu.

Mwenyezi Mungu atujaalie watu hao, na atupe sisi ujasiri wa kuuliza daftari liko wapi.