Idi Amin: Jinsi kamera ilivyompa nduli sura ya kupendeka

KIJANA wa Masii, Kaunti ya Machakos, aliyezaliwa baada ya utawala wa Idi Amin Dada kuporomoka, humjua dikteta huyo zaidi kupitia sinema. Aghalabu humwona akicheka kabla ya kumwona akiua.

Mpangilio huo si wa kubahatisha. Ndio unaomfanya mtazamaji kumwonea huruma mtu aliyemwaga damu ya maelfu.

Amin alizaliwa yapata mwaka wa 1925. Alijiunga na jeshi la wakoloni, King's African Rifles, mnamo 1946 akiwa msaidizi wa mpishi. Akiwa mtu wa miraba minne, alitamba katika ndondi nchini Uganda, na pia alitumwa Kenya kupambana na Mau Mau.

Mnamo 1962 kikosi chake kilituhumiwa kuwaua wafugaji wa Turkana. Hakushtakiwa, kwani Uganda ilikuwa ukingoni mwa uhuru.

Januari 25, 1971, alimpindua Rais Milton Obote aliyekuwa Singapore kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola. Umati ulimiminika katika barabara za Kampala kumshangilia. Mwaka uliofuata aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Mnamo 1976 alidai sehemu ya magharibi mwa Kenya kuwa ya Uganda, na Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa. Baadhi ya makadirio husema watu 300,000 waliangamia katika enzi yake.

Hata hivyo, Amin aliijua nguvu ya kamera. Mnamo 1974 alimkaribisha mwongozaji Barbet Schroeder kutengeneza filamu kumhusu. Humo alipiga kodiani, akafanya mzaha na kuwatazama wanyama mtoni kama mwenyeji mkarimu. Mtazamaji hucheka naye na, kwa kucheka, huanza kumzoea.

Schroeder alikata kicheko hicho kwa makusudi. Katika mkutano wa mawaziri, Amin anapokaripia, kamera inazikaribia nyuso za walio kimya. Msimulizi kisha anaeleza kwamba waziri wa mambo ya nje, Michael Ondoga, alipatikana ameuawa katika Mto Nile majuma mawili baadaye. Ghafla kimya kile kinaeleweka: kilikuwa hofu.

Amin hakupendezwa. Aliwazuilia Wafaransa waliokuwa Kampala hadi sehemu alizozichukia zikaondolewa. Zilirejeshwa baada ya kuanguka kwake.

Mnamo 1981 ikaja filamu ya Sharad Patel, ambapo Mkenya Joseph Olita aliigiza kama Amin. Humo ukatili unamwagwa mbele ya mtazamaji, na Amin anatazamwa kwa mbali kama jinamizi. Ni rahisi kumchukia, lakini ni vigumu kufahamu kwa nini umati ulimshangilia.

Filamu ya Kevin Macdonald ya 2006, The Last King of Scotland, ilichukua njia tofauti. Mtazamaji anamwona Amin, aliyeigizwa na Forest Whitaker, kupitia macho ya daktari kijana kutoka Scotland, ambaye ni wa kubuni. Daktari anapovutiwa, mtazamaji naye anavutiwa. Kamera inausogelea uso wa Amin unaotiririka jasho, hata hofu yake ya kuuawa inakuwa hofu ya anayetazama. Wahasiriwa wengi hawaonekani. Asiye na sura kwenye skrini ni vigumu kuliliwa.

Mbinu hiyo ina gharama. Kay, aliyekuwa mke wa Amin, alifariki mnamo 1974 na maiti yake ikapatikana imekatwakatwa. Filamu ilimpa uhusiano wa kimapenzi na daktari huyo wa kubuni, na msiba wa mwanamke wa kweli ukageuzwa kiungo cha hadithi ya mwanamume ambaye hakuwahi kuishi. Whitaker alituzwa Oscar mnamo 2007.

Amin mwenyewe hakuiona. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yaliutwaa mji wa Kampala Aprili 1979, naye akatorokea Libya na hatimaye Saudi Arabia. Alifariki Jeddah mnamo Agosti 16, 2003, bila kusimama mbele ya mahakama yoyote.

Kumwelewa muuaji si dhambi, kwani asiyejua jinsi nduli anavyopendwa hatamtambua mwingine akija akicheka. Lakini kwa vile hakuna hakimu aliyewahi kumhukumu Amin, anayeketi mbele ya runinga kule Masii anafaa kuwakumbuka pia wale ambao kamera haikuwaonyesha.