Tyndall: Mtoto wa polisi aliyeutembeza mwanga ndani ya maji

JUA linapochomoza juu ya Msitu wa Kakamega baada ya usiku wa mvua, miale yake hupenya kati ya miti na kuonekana wazi ndani ya ukungu, mithili ya fito ndefu za dhahabu. Mwendo mfupi kutoka hapo, katika majengo ya mjini Kakamega, mwanga wa aina nyingine husafiri ukiwa umefichwa ndani ya kuta na dari. Huu hupita katika nyuzi nyembamba za kioo, ukibeba barua, picha na sauti kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Ni wachache wanaotambua kwamba mambo haya mawili yanahusiana na jina la mtu mmoja: John Tyndall, mwanafizikia aliyefariki mwaka wa 1893, miaka mingi kabla ya ulimwengu kuijua kompyuta.

Tyndall alizaliwa Agosti 2, 1820, katika kijiji cha Leighlinbridge, wilaya ya Carlow nchini Ayalandi. Baba yake alikuwa askari polisi wa cheo cha chini na familia haikuwa na mali. Urithi pekee aliomwachia mwanawe ulikuwa elimu, kwani alihakikisha anabaki shuleni hadi alipokaribia umri wa miaka 20, akijifunza hesabu na upimaji wa ardhi.

Mnamo 1839 kijana huyo aliajiriwa kama mchoraji katika idara ya serikali iliyotayarisha ramani za Ayalandi. Baadaye alihamishiwa Uingereza, lakini mwaka wa 1843 akafutwa kazi baada ya yeye na wenzake kulalamikia malipo duni na mwenendo wa wakubwa wao. Wakati huo kampuni za reli zilikuwa zikishindana kutandaza vyuma kila pembe ya Uingereza, naye akapata kibarua cha kupima njia za garimoshi.

Angeweza kutajirika katika kazi hiyo. Badala yake, mnamo 1847 aliiacha na kwenda kufundisha hesabu katika chuo cha Queenwood, Hampshire. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 28, alifunga safari hadi Marburg, Ujerumani, akitumia akiba yake mwenyewe. Huko alisoma chini ya mwanakemia Robert Bunsen, na katika muda wa takriban miaka miwili akawa amehitimu shahada ya udaktari.

Aliporejea Uingereza hakupata kazi ya maana papo hapo. Mlango ulifunguka mwaka wa 1853 alipoalikwa kutoa mhadhara katika Taasisi ya Kifalme jijini London. Wasikilizaji walivutiwa mno, na kabla ya mwaka kwisha akateuliwa kuwa profesa wa fizikia katika taasisi hiyo. Aliyemlea humo alikuwa Michael Faraday, bingwa wa elimu ya umeme, ambaye naye alikuwa mtoto wa mhunzi asiyewahi kukanyaga chuo kikuu. Wawili hao waliheshimiana kama mtu na mwanawe hadi Faraday alipofariki mnamo 1867.

Ni Faraday aliyempa wazo la jaribio ambalo lingehusishwa na jina lake kwa zaidi ya karne moja. Mwaka wa 1854 Tyndall alisimama mbele ya hadhira akiwa na tangi la maji lenye tundu ubavuni. Alielekeza mwanga ndani ya tangi, kisha akayaacha maji yabubujike kupitia tundu hilo. Maji yalipojipinda kuelekea chini, mwanga haukutoka nje kwa mstari ulionyooka kama ilivyotarajiwa. Uliyafuata maji hadi yalipoanguka.

Sababu yake si miujiza. Mwanga unaosafiri ndani ya maji ukifika ukingoni kwa mshazari mkubwa hushindwa kutokea hewani. Hurudishwa ndani, ukagonga ukingo wa pili, ukarudishwa tena, na hivyo hivyo hadi mwisho wa safari. Kioo hufanya vivyo hivyo, na ndiyo sababu uzi wa kioo unaweza kuusafirisha mwanga hata kwenye kona.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tyndall hakuwa wa kwanza. Daniel Colladon, mwanafizikia wa Geneva nchini Uswisi, alionyesha jaribio kama hilo mnamo 1841 na kuandika habari zake mwaka uliofuata. Tyndall hakumtaja mbele ya hadhira yake. Kwa kuwa alikuwa msemaji hodari na vitabu vyake vilisomwa kote duniani, sifa zikamwendea yeye, na jina la Colladon likasahaulika hadi watafiti wa karne ya 20 walipofukua maandishi ya kale.

Hali ilikuwa karibu hiyo hiyo katika utafiti wake mkubwa zaidi. Kuanzia mwaka wa 1859 Tyndall alipima jinsi gesi mbalimbali zinavyonasa joto. Aligundua kuwa oksijeni na naitrojeni huliacha joto lipite, ilhali mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi hulizuia. Vipimo hivyo ni miongoni mwa misingi ya elimu ya mabadiliko ya tabianchi. Hata hivyo, mnamo 1856 mwanamke Mmarekani, Eunice Foote, alikuwa tayari ameonyesha kuwa kaboni dayoksaidi hupata joto kali zaidi inapoanikwa juani. Jina lake pia lilikaa gizani kwa zaidi ya miaka 100.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 Tyndall alichunguza jinsi chembe ndogo mno zinazoelea hewani zinavyoutawanya mwanga na kuufanya mwale uonekane. Hicho ndicho kinachotokea katika ukungu wa Msitu wa Kakamega, na wanasayansi hukiita kwa jina lake hadi leo.

Maabara peke yake haikumtosha. Alipenda kukwea milima ya Alps, na mwaka wa 1861 akawa wa kwanza kufika kileleni Weisshorn, Uswisi, pamoja na waongozaji wake. Mnamo 1872 alizuru Marekani kutoa mihadhara iliyofurika watu. Faida yote aliyoipata aliiacha huko huko isaidie wanafunzi wa sayansi. Mtu aliyetumia akiba yake kidogo kujisomesha hakusahau alikotoka.

Alioa akiwa na umri wa miaka 55, mwaka wa 1876. Mkewe, Louisa Hamilton, alikuwa kijana kwake kwa miaka mingi, akawa pia msaidizi wake katika kazi. Baada ya Tyndall kustaafu mnamo 1887, wawili hao waliishi Hindhead, kusini mwa Uingereza, ambako afya yake ilizidi kudhoofika. Alisumbuliwa na tumbo na kukosa usingizi. Asubuhi alimeza magnesia kwa ajili ya tumbo, na usiku klorali kwa ajili ya usingizi.

Asubuhi ya Desemba 4, 1893, Louisa alichanganya chupa. Alimpa mumewe klorali, tena kwa kipimo cha magnesia, ambacho ni kikubwa mno kwa dawa hiyo. Louisa mwenyewe ndiye aliyeng'amua kosa hilo na kumjulisha mumewe. Madaktari waliitwa na wakahangaika kutwa nzima bila mafanikio. Jioni hiyo akafariki, akiwa na umri wa miaka 73. Uchunguzi uliamua kuwa ilikuwa ajali.

Louisa aliishi miaka 47 zaidi. Hakuolewa tena. Alitumia maisha yake kukusanya barua na maandishi ya marehemu ili aandike kitabu kinachomstahili, lakini hakukikamilisha hadi alipofariki mwaka wa 1940. Kitabu cha maisha ya Tyndall kilichapishwa na waandishi wengine mnamo 1945. Kwa kusubiri kwake, kizazi kizima kilikua bila kumjua mumewe.

Maji yale ya 1854 nayo yalisubiri. Mwaka wa 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, pamoja na mwenzake George Hockham, walieleza kuwa kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano kwa masafa marefu. Mnamo 1970 wahandisi wa kampuni ya Corning, Marekani, walitengeneza uzi wa namna hiyo. Kao alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2009, mwaka ule ule nyaya za faiba za chini ya bahari zilipofika Mombasa na kuanza kuelekezwa bara.

Kwa mji kama Kakamega, faida ya kioo si kasi pekee. Waya wa shaba wa mtandao wa kompyuta haupaswi kuzidi mita 100, na hubeba umeme. Magharibi mwa Kenya ni eneo la radi nyingi za alasiri. Radi ikipiga karibu na majengo mawili yaliyounganishwa kwa shaba, mshtuko wake unaweza kupita kwenye waya na kuunguza mitambo ya pande zote mbili. Kioo hakipitishi umeme, mradi waya wenyewe usiwe na chuma cha kuuimarisha.

Hata hivyo, uzi huo unahitaji adabu yake. Unene wake, kabla ya kuvishwa, ni takriban sehemu ya nane ya milimita. Fundi akiukunja kupita kiasi anapouingiza kwenye kona ya ukuta, mwanga hugonga ukingo kwa mshazari usiofaa na kuvuja. Ncha ikiguswa na vumbi, ujumbe hudhoofika. Wala mtu asichungulie ndani ya ncha iliyo hai, kwa kuwa mwanga wake hauonekani na unaweza kudhuru jicho.

Fundi anayeupinda uzi huo taratibu juu ya dari, kabla ya mvua ya alasiri kuanza, anatii kanuni ile ile iliyowashangaza watu wa London mwaka wa 1854, na watu wa Geneva kabla yao.